Punda wa Mbao

Likizo ya Desemba i karibu, na wazazi kadhaa wameniuliza baada ya swala kijana wa miaka 13 au 14 apewe kazi gani ya mikono nyumbani. Kwa familia yenye punda nina jibu moja: atengeneze kiweko cha kuwekea sogi.

Familia hizo si chache. Simama Ngaramtoni au Kisongo siku ya soko uwaone punda wakipita na magunia ya mahindi na madumu ya maji. Farasi kwetu ni wachache, wengi wakiwa katika mashamba ya upande wa Usa River. Hata hivyo, mwenye farasi hulitundika tandiko lake mahali pa heshima, ilhali sogi ya punda hutupwa chini kando ya banda. Hapo hunyonya unyevu, hukauka ikiwa imejikunja, huingia mchanga, na panya huitafuna. Asubuhi hufungwa hivyo hivyo juu ya mgongo wa mnyama asiyeweza kulalamika. Akichubuka, hafai kubebeshwa kitu hadi apone, na yale madumu huhamia vichwani mwa mama na mabinti. Surat An-Nahl, aya ya 8, imewataja farasi, nyumbu na punda kwa pamoja. Sioni kwa nini sisi tumbague mmoja wao.

Kiweko chenyewe ni kenchi mbili ndogo zilizounganishwa, kisha zikaezekwa kwa mbao badala ya bati. Wahenga walikiita kibao cha kukunia nazi mbuzi. Hiki, chenye mgongo na miguu minne, kinastahili kuitwa punda.

Tafuteni mbao kavu. Paini ni laini kwa msumeno wa mwanafunzi, na grivelia ya mashambani nayo inafaa, mradi isiwe mbichi, kwani mbao mbichi hujipinda baada ya kupigiliwa. Kata miguu minne ya inchi 2 kwa 2, kila mmoja sentimita 95. Ipishanishe miwili miwili, uifunge kwa bolti sentimita 5 kutoka nchani, kisha uitanue hadi nyayo ziachane sentimita 90. Toka kwenye bolti hadi wayo ni 90 pia. Basi pembetatu ina pande tatu sawa, na kijana hahitaji chombo cha kupimia pembe. Pigilia mtambo mmoja katikati ya kimo ili miguu isiteleze. Tengeneza kenchi ya pili kwa kuilaza juu ya ya kwanza, zifanane.

Sasa simamisha kenchi hizo, moja mbali na nyingine kwa sentimita 50, uziunganishe chini kwa papi mbili, kila upande moja. Juu pigilia mbao mbili za inchi 1 kwa 6, zenye urefu wa sentimita 70, kila moja kwenye mteremko wake. Zisikutane kileleni. Acha upenyo wa vidole viwili, hewa ipite chini ya sogi. Sogi nzuri nayo haigusi uti wa mgongo wa punda. Hubeba uzito pembeni. Kata ncha za miguu zilizochomoza, kisha piga msasa kila kona, maana ukali wowote utaichana ngozi.

Nyayo zitakuwa zimekaa mshazari. Usizikate kwa kukisia. Weka kiweko mahali tambarare, lazisha kipande cha ubao sakafuni, pitisha penseli juu yake kuzunguka kila mguu, ukate hapo. Ni hila ndogo, lakini mafundi wengi huifundisha mwisho, baada ya mwanafunzi kuharibu miguu miwili mitatu!

Dhidi ya mchwa, weka mawe bapa chini ya nyayo. Oili chafu ya gari ipakwe miguuni tu. Ikifika juu itaingia kwenye sogi, na kutoka kwenye sogi hadi kwenye ngozi ya punda. Hatamu na mikanda isitundikwe kwenye msumari, kwa sababu ngozi hukunjika hapo na baadaye kukatika. Pigilia ubavuni kipande cha gogo la mviringo, unene wa kopo la maziwa ya unga, uitundike juu yake.

Jioni sogi ikivuliwa, igeuzwe, upande uliogusa mgongo uwe juu hadi jasho likauke, kisha isuguliwe kwa brashi ngumu kabla ya kurudishwa kazini.