Unene wa Herufi Katika Chati za Darasani

Miongoni mwa zana ambazo wanachuo huziandaa kabla ya mazoezi ya kufundisha, chati ndiyo inayogharimiwa zaidi, na pengine ndiyo inayoharibiwa zaidi. Siku hizi baadhi yao hawaiandiki kwa mkono. Huenda kwa fundi wa stika mjini, naye huzichora herufi katika kompyuta na kuzikata kwa mashine katika plastiki yenye gundi. Agizo huwa ni lile lile: herufi ziwe nene. Sisi twaona kwamba agizo hilo, lisipofuatana na fikira, humdhuru mtoto anayejifunza kusoma.

Yafaa kwanza tuielewe kazi ya fundi. Mashine ya stika haipaki rangi. Kisu chake hufuata ukingo wa herufi tu. Fundi akiongeza unene wa mstari bila kuugeuza mstari huo kuwa ukingo, herufi itaonekana nene katika kioo cha kompyuta, lakini itakatwa nyembamba. Katika programu kama Inkscape, ipatikanayo bure tangu mwaka 2003, maandishi hugeuzwa kuwa michoro, kisha ukingo husukumwa ili herufi ipanuke. Hapo ndipo penye hatari. Herufi haipanuki kwa nje tu, bali kwa ndani pia: matundu ya "a", "e" na "o" hupungua, na herufi zilizo jirani hugusana.

Waliokulia katika milima ya Umatengo wataelewa jambo hili kwa mfano wa ngoro. Mkulima huchimba shimo, na udongo wake huufunika juu ya nyasi alizozipanga, ukawa matuta yanayolizunguka shimo hilo. Mazao huota juu ya matuta, lakini shimo ndilo lipokealo maji ya mvua na kuuzuia udongo usiporomoke. Mwenye kunenepesha matuta mpaka shimo likafukiwa hana ngoro tena. Herufi nayo ina tuta na shimo, na jicho husoma vyote viwili.

Tuchukue maneno "sema" na "soma". Yanatofautiana kwa herufi moja tu. Na "e" hutofautiana na "o" kwa kijistari cha katikati na uwazi mdogo wa upande wa kulia. Vikizibwa hivyo, mtoto aketiye nyuma huona doa lile lile katika maneno yote mawili. Akikosea, huhesabiwa kuwa hajui kusoma. Hivyo kosa la chati huandikwa katika jina la mtoto, na huenda likamfuata darasa hadi darasa.

Hatusemi kwamba unene hauna kazi. Jina la boti huko Mbamba Bay au Liuli lazima lisomwe na aliye ufukoni. Mwaka 1845, mjini London, Robert Besley alisajili herufi za Clarendon, ambazo zilichorwa nene makusudi ili zitumiwe pamoja na herufi za kawaida, neno moja lipate kujitokeza kati ya mengine. Chati ambayo maneno yake yote ni manene haina neno linalojitokeza.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Mwanachuo aongeze kimo cha herufi kabla ya kuongeza unene. Achague herufi zilizochorwa nene tangu mwanzo, kuliko kuzinenepesha zilizo nyembamba. Aache nafasi ya kutosha kati ya herufi na herufi. Unene auweke kwa neno jipya la somo tu. Kanuni hizi zinamhusu pia yule aandikaye kwa kalamu ya wino mzito juu ya karatasi ya manila, wala hazimgharimu senti.

Hatimaye, chati ikiisha kubandikwa, mwalimu na aende akaketi katika dawati la mwisho, aisome kutoka hapo kabla wanafunzi hawajaingia. Asipoweza kutofautisha "sema" na "soma", aibandue.