UCHAMBUZI: Dawa pekee hazitashinda bakteria Turkana

MNAMO Aprili 2005, maradhi ya kuhara yalizuka ghafla katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Watu 418 walitibiwa na wanne wakafariki.

Vipimo vya maabara vilibaini kuwa chanzo kilikuwa bakteria aitwaye Vibrio cholerae, anayesababisha kipindupindu. Hata hivyo, wataalamu walipolinganisha waliougua na wale walionusurika, jibu walilopata halikuhusu dawa.

Familia zilizohifadhi maji ya kunywa katika vyombo vyenye vifuniko zilikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua, takriban nusu ya wenzao. Waliochangia choo kimoja na familia tatu au zaidi walikabiliwa na hatari maradufu. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wageni waliofika kambini kuanzia Novemba 2004.

Kipindupindu kilirejea Kakuma mwaka 2009. Uchunguzi uliofanywa wakati huo ulionyesha tena kwamba vyombo vichafu vya maji vilieneza ugonjwa, huku kunawa mikono kwa sabuni kukiwakinga watu.

Kwa maneno mengine, kifuniko cha mtungi na kipande cha sabuni vilifanya kazi ambayo hospitali ingelazimika kuifanya baadaye kwa gharama kubwa.

Funzo hilo lina uzito hadi leo. Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 kuwahifadhi wakimbizi kutoka Sudan, sasa pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei ina zaidi ya watu 200,000. Makazi hayo yamo katika eneo kame, ambako mto Tarach hubaki mchanga mtupu kwa muda mrefu wa mwaka, kisha hufurika mvua inaponyesha kwa ghafla.

Kipindupindu hakisubiri. Mgonjwa aliyelemewa anaweza kufa katika muda wa saa chache kwa kupoteza maji mwilini, ilhali akipewa mapema maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, karibu kila mgonjwa hupona. Viuavijasumu huwafaa zaidi wale waliozidiwa, wala haviwezi kuchukua nafasi ya maji hayo.

Safari ya kilomita 120 hivi kutoka Kakuma hadi Lodwar, makao makuu ya kaunti, humkutanisha msafiri na bakteria mwingine asiye na haraka. Huyu ni Chlamydia trachomatis, anayesababisha trakoma, maradhi ya macho ambayo pia huitwa vikope.

Trakoma haiui. Huanza utotoni kwa macho mekundu yenye tongo, na bakteria huenezwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua usoni. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu, hujikunja ndani na kuanza kukwaruza mboni. Mwisho wake ni upofu, na wanawake huathirika zaidi kwa kuwa ndio wanaowalea watoto.

Turkana ni miongoni mwa maeneo ya Kenya ambayo yameathirika sana na ugonjwa huo. Kwa miaka kadhaa, wakazi wamekuwa wakigawiwa dawa ya azithromaisini kwa umma, na waliojikunja kope wakifanyiwa upasuaji.

Lakini mkakati wa Shirika la Afya Duniani (WHO) una nguzo nne. Mbali na upasuaji na dawa, upo usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira, yaani maji na vyoo. Nguzo hizi mbili za mwisho ndizo zinazochechemea panapokosekana maji. Mama anayechimba mchanga wa laga ili apate mtungi mmoja hawezi kulaumiwa akichagua kupika kabla ya kumnawisha mwanawe.

Kwamba ushindi unawezekana si ndoto. WHO ilithibitisha kuwa Malawi iliangamiza trakoma kama tatizo la afya ya umma mwaka 2022, na Burundi ikafuata mwaka 2025. Mataifa hayo hayana utajiri unaoishinda Kenya.

Yapo maradhi mengine ya bakteria yanayofuata njia hizo hizo. Homa ya matumbo hupitia maji na chakula kilichochafuliwa, nayo bruselosi huwapata wafugaji kupitia maziwa yasiyochemshwa. Mtu anayetibiwa kisha akarudi kunywa maji yale yale hurejea zahanati, na kila duru ya dawa isiyo ya lazima huwapa bakteria nafasi ya kujifunza kuzistahimili.

Swali basi ni nani atakayegharamia maji na vyoo. Kambini, jukumu hilo limebebwa na mashirika ya misaada kwa zaidi ya miongo mitatu. Mwaka 2025 Marekani ilipunguza pakubwa misaada yake ya nje, na mgao wa chakula Kakuma ukakatwa. Ikiwa hata chakula hakikusalimika, ni vigumu kuamini kwamba sabuni itasalimika. Isitoshe, mwili wenye njaa hauna nguvu ya kupambana na maambukizi.

Mwezi Machi mwaka huo huo, serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji katika huduma za pamoja. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za afya, maji na usafi ni kazi ya kaunti, na Turkana ni miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mkubwa zaidi kutoka hazina kuu.

Kwa hivyo bajeti za Lodwar ndizo zitakazoamua mengi. Jengo jipya la hospitali hupigwa picha na kukatiwa utepe. Bomba linalofikisha maji kijijini au choo cha shule havivutii kamera. Hata hivyo, ushahidi wa Kakuma unaonyesha ni wapi maisha huokolewa kwanza.

Wahenga walisema mdharau mwiba, mguu huota tende. Bakteria ni mdogo kuliko mwiba, na Turkana imekwisha kuchomwa mara nyingi.