Viboko vya Kutokea

Wazee wetu wanaikumbuka Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu ya mwaka 1963. Aliyetiwa hatiani kwa wizi wa mifugo au kuvunja nyumba alifungwa na kuchapwa viboko 24: 12 vya kuingilia gerezani, 12 vya kutokea. Ikasemwa kwa utani kwamba hivi vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mkewe.

Vya kuingilia naweza kuvielewa. Hasira ya aliyeibiwa naijua. Nimewahi kuchomolewa simu kwenye daladala, na siku ile ningeshika bakora mwenyewe. Lakini hivi vya kutokea? Mtu kamaliza kifungo, kesho anarudi kwa mama yake, ndiyo kwanza analazwa chini achapwe. Adhabu ikishafanywa shabaha kuu, haijui pa kuishia. Na ng'ombe waliendelea kuibwa.

Leo vya kutokea tunavichapa sisi. Kijana katoka na ufundi wa useremala alioupata kwenye karakana ya gereza, randa anaishika vizuri kuliko mafundi wengi wa mtaani, lakini mwenye nyumba akisikia alikotoka, chumba kimeshapata mpangaji. Watoto wanaambiwa wasipite kwake. Mezani pa mama ntilie kila mmoja anavuta simu yake karibu. Ale wapi huyu?

Wengine wala hawakuhitaji kufika gerezani. Tanzania tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002: mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, mahakama inaweza kumwamuru afanye kazi za umma bila malipo, akirudi kulala kwake na wanawe wakimwona. Kabla ya hapo afisa wa uangalizi huchunguza maisha yake, na majirani huulizwa. Hapo ndipo tunapoharibu. Wengi tunajibu, "Mfungeni tu, tupumzike," kana kwamba harudi.

Ndugu msomaji, afisa huyo akibisha hodi kwako, mwambie unachokijua kweli, kibaya na kizuri. Na kama una kitanda cha kutengenezwa au mlango uliolegea bawaba, mpe kazi hiyo kijana aliyetoka juzi. Patana naye bei kama unavyopatana na fundi mwingine, simama umwangalie ukitaka, kisha umlipe chake siku hiyohiyo.