Bibi, Daftari la Ukoo



Hivi karibuni tulikwenda Kakamega kuhani. Marehemu alikuwa mkwe wa jamaa zetu wa Mumias, mji ambao watu wa pwani wana udugu nao tangu enzi za Nabongo Mumia. Mama huyo alifariki akiwa na miaka 53, baada ya kusafishwa damu hospitalini kwa miaka miwili. Figo zake zilikuwa zimejaa vifuko vya maji, maradhi ambayo hurithiwa.

Baada ya khitma, bintiye mwenye miaka 27 alitujia faraghani. Ametupa idhini ya kuyaeleza haya bila ya kumtaja jina. Aliuliza, "Shekhe, nikipimwa ili nijue yatakayonifika, si nitakuwa natafuta ghaibu?" Mjomba wake naye alikuwa amekwisha kumwonya kwamba neno hilo lisitoke nje, lisije likavunja posa yake.

Tulimjibu kwamba ajali ya mja iko kwa Mola wake, na hakuna tabibu adaiye kuijua. Lakini mkulima atazamaye wingu akaanua mahindi yake hapigi ramli. Anasoma dalili alizowekewa.

Dalili zenyewe ni hizi. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Jeni mbili ndizo zihusikazo zaidi. Ya kwanza huwapata takriban wagonjwa watatu katika kila wanne, na mara nyingi figo zao hushindwa kazi wakiwa katika miaka ya 50. Ya pili huenda taratibu, na wengi hufika miaka ya 70. Madaktari hutazama pia ukubwa wa figo katika picha, wakiulinganisha na umri na kimo cha mtu. Huuliza kama presha ilipanda, au damu ilionekana katika mkojo, kabla ya miaka 35. Dalili hizo zikijumlishwa, hujulikana nani maradhi yake yanakwenda mbio na nani yanakwenda pole. Na hilo lina faida, kwani ipo dawa iitwayo tolvaptani, ambayo hupunguza kasi ya maradhi na hupewa hasa wale wanaokwenda mbio.

Kipimo cha jeni ni ghali. Lakini kipo kipimo kisicho na bei, nacho ni habari za ukoo. Ikiwa jamaa mmoja alishindwa na figo kabla ya miaka 55, yaelekea ukoo una jeni ya mbio. Ikiwa alizidi miaka 70 ndipo zikashindwa, yaelekea ni ile ya pole.

Tukamwita bibi yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kaka yake alifariki na miaka 49, amevimba uso na miguu, na watu wakanena amerogwa. Hakuna aliyewahi kuyasema hayo mbele ya daktari. Miaka yote hiyo mama mtu alitibiwa presha tu, hakupigwa picha ya figo hata siku moja.

Binti alipimwa wiki ile ile. Presha yake ilikuwa juu, na picha ilionyesha vifuko katika figo zote mbili. Alilia, nasi hatukumkataza. Sasa anatumia dawa ya presha, amepunguza chumvi, na hagusi dawa za maumivu bila ya idhini ya daktari. Ameambiwa pia atoe habari kabla ya kubeba mimba, kwani baadhi ya dawa za presha hudhuru mtoto tumboni. Mchumba wake ameelezwa yote. Jibu halijaja, lakini ndoa iliyojengwa juu ya kuficha ni ghishi, na mjomba amekubali hivyo.

Wadogo zake wawili hawajapimwa. Nao wajue kwamba picha safi katika ujana haiondoi shaka yote, kwani vifuko huweza kuchelewa kuonekana.

Mama zetu, ninyi ndio daftari la ukoo. Juma hili waulizeni wazee nani alikufa kwa nini, na akiwa na umri gani, kisha andikeni.

Wabillahi tawfiq.