Saa ya Kompyuta Ijue Kiswahili

Miongoni mwa programu ndogo zitumiwazo katika terminali, yaani dirisha la kompyuta lipokealo amri kwa maandishi, zimo zile zionyeshazo saa kwa tarakimu kubwa. Kwa kawaida mtumiaji huweza kuchagua hesabu ya saa 12 au ya saa 24. Inafaa liongezwe chaguo la tatu: hesabu ya saa za Kiswahili.

Hesabu hii hufuata kuchomoza na kuchwa kwa jua, mambo ambayo karibu na Ikweta hubadilika kidogo tu mwaka mzima. Kanuni yake ni nyepesi. Katika saa ya tarakimu 12, namba ikizidi 6, hutolewa 6. Isipozidi, huongezwa 6. Dakika hubaki zilivyo. Hivyo 7:00 ya asubuhi ni saa 1 asubuhi, na 4:30 ya alasiri ni saa 10 na nusu.

Wako watakaosema kwamba yatosha kurudisha nyuma majira ya kompyuta kwa saa 6. Hiyo ni dawa inayozidisha ugonjwa. Ifikapo saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 2, kompyuta hiyo itaonyesha tarehe 1, na nyakati za mafaili zitasomeka kwa makosa. Ikumbukwe kwamba mifumo ya jamii ya Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Tarakimu tuzionazo ni tafsiri tu ya hesabu hiyo. Basi ibadilishwe tafsiri, hesabu iachwe.

Hofu ya kuchanganya watu ina msingi. Mgonjwa aliyeagizwa kumeza dawa saa 2 usiku hatakiwi kungojea 2:00 ya usiku wa manane. Kwa sababu hiyo, programu isionyeshe namba tupu, bali iandike kikamilifu: «saa 2 usiku». Aidha, chaguo hili lisifanye kazi mpaka liombwe, na kumbukumbu za mitambo ziendelee kuandikwa kwa saa 24.

Gharama yake ni mistari michache ya programu. Faida yake ni kwamba msemaji wa Kiswahili hatalazimika kufanya hesabu ya kutoa na kujumlisha kila atazamapo kioo. Chombo kilichotengenezwa kutumikia watu hakina budi kusoma saa kama wao wanavyoisoma.