Shamba Lisilo na Swali

Kila kizazi cha viongozi wa elimu Afrika Mashariki kimetangaza vita dhidi ya nadharia tupu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974 chama tawala cha TANU, kikikutana Musoma, kiliazimia kuunganisha elimu na kazi. Januari 1985 Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4 uliosheheni masomo ya mikono, kisha mwaka 2019 ikaanza kuuondoa na kuleta mtaala wa umilisi. Januari 2024 ikawa zamu ya Tanzania tena, kwa mtaala mpya na mkondo wa amali katika sekondari. Zaidi ya nusu karne imepita na malalamiko ni yale yale: kijana amefaulu baiolojia lakini hajui kuotesha mche, ana cheti chenye fizikia, na soketi ya nyumbani kwao ikiungua anasubiri fundi.

Tunachosema katika toleo hili ni kwamba mshtakiwa si huyo. Nadharia haijawahi kuwa nyingi mno katika shule zetu. Kilichozidi ni kukariri, na kukariri hakuponi kwa kumtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka shambani. Mtu aweza kukariri akiwa ameshika jembe.

Waraka wa 1967 unastahili kusomwa upya, maana wengi wanaoutaja wanakumbuka shamba tu. Mwalimu alitaka zaidi ya hapo. Alitaka wanafunzi washirikishwe kupanga kazi, waweke hesabu za mapato na matumizi, waone wenyewe faida ya mbolea na ya njia bora za kilimo, na wawe na sauti juu ya matumizi ya kile walichozalisha. Alitaka pia uzito wa mitihani upunguzwe. Shule nyingi zilichukua shamba na kuacha hayo mengine. Wanafunzi walipanga mstari asubuhi, wakapimiwa eneo la kulima, wakamaliza, wakarudi darasani ambako mwalimu wa sayansi aliandika ubaoni aina za udongo bila kuwauliza lolote kuhusu udongo waliotoka kuupindua. Aliyechelewa kengele aliongezewa tuta kama adhabu. Kazi ikishakuwa adhabu, hakuna anayeifikiria isipokuwa kutafuta namna ya kuikwepa. Na mara nyingi aliyekuja kukagua aliuliza magunia mangapi yamevunwa. Hakuuliza watoto wamegundua nini.

Wazazi walilaumiwa kwamba wanadharau kazi za mikono. Mimi naiona lawama hiyo kuwa ya haraka. Mwaka 1965 Philip Foster, akichambua hali ya Ghana, alionyesha kwamba shule za ufundi na kilimo haziwezi kubadili matamanio ya vijana maadamu kazi inayolipa ni ya ofisini. Vijana walikuwa wanalisoma soko la ajira vizuri kuliko waliowapangia mitaala. Tanzania nayo haikuwa tofauti. Mtihani wa darasa la saba ulichagua wachache sana kwenda kidato cha kwanza, na mzazi aliyetaka mwanawe awe miongoni mwao alikuwa na sababu ya kuuliza saa za shambani zinamsaidia nini.

Enzi ile ile, hata hivyo, ilitupa mfano wa kinyume, nao haukutoka shuleni. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ilifikia watu wapatao milioni 2. Vikundi vilikaa vijijini kusikiliza kipindi cha redio, vikasoma vijitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, kisha vikajadili: sisi hapa tunateka maji wapi, tunakwenda haja wapi, nani anaugua na kwa nini? Baada ya hapo walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Waliojiunga hawakupewa vitendo tu. Mwanakijiji alielezwa kwamba kichocho hutoka kwa mgonjwa, huingia majini, hupita kwa konokono, kisha hurudi kwa mtu kupitia ngozi. Hiyo ni nadharia, tena si nyepesi. Lakini ndiyo iliyomwezesha kuamua choo kikae wapi na watoto waoge wapi, na kumwelewesha jirani asiyetaka kuchimba. Wengi wa watu hao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Anayesema kwamba mtu wa kawaida anahitaji ujuzi wa mikono tu, nadharia waachiwe wasomi, aangalie tena mwaka ule.

Kenya ilipata fundisho la aina nyingine. 8-4-4 iliwaletea watoto wa shule ya msingi kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi, na wazazi walichangishwa kujenga karakana. Halafu masomo hayo yakapimwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa maswali ya kuchagua A, B, C au D. Mtoto aliyewahi kusuka kikapu na asiyewahi walikaa mbele ya karatasi moja, na aliyekariri zaidi akampita mwenzake. Leo, chini ya mtaala wa umilisi, wazazi wanalalamika kwamba kazi mradi ya mtoto wa Gredi ya Nne wanaimaliza wao usiku ili ipendeze asubuhi. Kitendo kipo, ila mtendaji siye.

Tatizo hili linaonekana waziwazi zaidi maabara. Kila aliyesoma kemia ya sekondari anaijua titresheni. Mwanafunzi anadondosha asidi kutoka kwenye bureti hadi rangi ya kiashiria ibadilike, anasoma ujazo, anarudia, anatafuta wastani. Tuseme amepata sentimita za ujazo 24.9, kisha 25.1, kisha 22.8. Hiyo 22.8 imetoka wapi? Aitupe, aijumuishe, au aanze upya? Na kwa nini tunatafuta wastani, badala ya kuchukua kipimo cha kwanza na kwenda nyumbani? Hapo ndipo sayansi inapoanzia: katika kutoafikiana kwa vipimo, na katika kulazimika kutoa sababu. Tunajua kinachotokea badala yake. Anachungulia kwa jirani, anapika data ifanane na ya mwalimu, anapata alama zote. Amevaa koti jeupe, ameshika vyombo, na hakuna alichokijaribu.

Mwalimu asiye na bureti hata moja anaweza kumzidi mwenye maabara kamili. Achemshe choya, maji yapoe, ayagawe katika glasi mbili. Moja aikamulie ndimu, nyingine aitie magadi. Ya ndimu itabaki nyekundu, ya magadi itaelekea kijani. Akiwaacha wanafunzi wabishane sababu kabla hajafungua mdomo, kisha akawauliza sabuni itafanyaje, majivu yatafanyaje, maziwa yaliyochacha yatafanyaje, watakuwa wameanza kujenga nadharia ya asidi na besi kwa vichwa vyao. Nasema hivi bila kuisamehe serikali deni la maabara. Choya haitoshi kumfikisha mtoto chuo kikuu cha tiba. Lakini maabara iliyojaa vyombo bila swali nayo haimfikishi.

Chanzo cha haya kiko katika vyuo vya ualimu, na hapa nawaomba wakufunzi wanisikilize kwa subira. Mwanachuo huambiwa kwamba maarifa hujengwa na mwanafunzi mwenyewe. Majina ya Piaget na Vygotsky huyapokea kwa imla, ameinamia daftari. Kisha huenda mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi hupita, hukagua azimio la kazi na andalio la somo, hukaa nyuma ya darasa kwa muda mfupi, hujaza fomu, huondoka. Mwanachuo anaporudi chuoni ana habari nzito: kwamba kazi ya vikundi ilimshinda katika darasa la watoto tisini, au kwamba hesabu za sehemu zilieleweka pale tu alipogawa chungwa. Aghalabu hakuna kipindi cha kumsikiliza. Nadharia inashuka kwake, lakini aliyoyaona hayapandi kwenda kuisahihisha nadharia. John Dewey alipoanzisha shule ndani ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alitaka mawazo ya elimu yawe yanajaribiwa mbele ya watoto halisi na kubadilishwa yakishindwa. Sisi tumebeba jina lake, tukaliacha jaribio.

Kwa hiyo tunautazama mkondo wa amali kwa matumaini na kwa hofu. Ukiletwa kama njia ya watoto waliodhaniwa hawana akili ya vitabu, utaishia pale lilipoishia shamba la shule. Fundi umeme anayejua tu kuunganisha waya kama alivyoonyeshwa atachoma nyumba siku atakapokutana na mzigo asiouzoea. Anayejua kwa nini waya mwembamba hupata joto mkondo ukizidi ataichora nyumba nzima kabla hajatoboa ukuta. Huyo wa pili ana nadharia, na mtihani wa amali unapaswa kumpima kwa maelezo ya uamuzi wake pamoja na kazi ya mikono yake. Kupima hivyo ni ghali. Kunahitaji watahini waliopata mafunzo, vifaa, na muda ambao ratiba ya sasa haiutoi. Wizara zikikwepa gharama hiyo na kurudi kwenye karatasi ya kuchagua herufi, mageuzi haya yatakuwa yameshindwa kabla ya kundi la kwanza kuhitimu.

Jarida hili nalo lina sehemu yake. Kwa muda mrefu majarida ya elimu yamechapisha watafiti wanaoandika kuhusu walimu, na walimu wakabaki wasomaji. Kuanzia toleo hili tunatenga kurasa kwa ajili ya mwalimu aliye darasani. Tuandikie, mwalimu, kwa Kiswahili chako. Tueleze ulitaka wanafunzi waelewe nini, ulifanya nini, walikuwa wangapi, nini kilikwenda kombo, na unadhani ni kwa nini. Usitutumie somo lililofaulu tu. Lile lililokushinda, ukilieleza kwa uaminifu, tutalichapisha kwanza, na tutawaomba wanaofundisha nadharia vyuoni walijibu katika kurasa hizi hizi.