Mwandishi wa dola 65 kwa wiki

JICHO LA PEMBENI
Na Zuhura Makame

Kuna sehemu moja ya tamthilia ya Kimarekani The Untouchables ambayo kila mwandishi wa habari anapaswa kuitazama, halafu akazime televisheni na kutafuta kisa chenyewe kilivyokuwa. Inaitwa "The Jake Lingle Killing". ABC waliirusha mwaka 1959, tamthilia ikiwa na wiki chache tu hewani. Wengi wetu jina la The Untouchables tunalijua kwa filamu ya Brian De Palma ya 1987, ile ya Kevin Costner na Sean Connery iliyopigwa mno kwenye mabanda ya video. Kabla ya Costner alikuwepo Robert Stack. Uso haucheki, sauti haipandi wala haishuki, kofia haimtoki kichwani: huyo ndiye Eliot Ness wa televisheni, afisa wa serikali kuu aliyepambana na genge la Al Capone mjini Chicago, enzi pombe ilipopigwa marufuku Marekani nzima.

Kisa kinaanza na mwandishi wa gazeti kupigwa risasi. Donge nono linatangazwa kwa atakayemtaja muuaji. Jack Lord, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa Hawaii Five-O, anacheza mtu anayelinyemelea donge hilo, na Ness naye anafuata nyayo kwa njia zake. Kama zilivyo tamthilia za aina hii, uzito wote umewekwa kwenye msako. Nani kafyatua? Yuko wapi? Nani atamfikia kwanza? Ni burudani safi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba katika kisa hiki, swali la nani kafyatua lilikuwa dogo kuliko yote.

Jake Lingle alikuwa mtu wa kweli. Jina lake kamili Alfred, umri miaka 38, mwandishi wa habari za polisi wa Chicago Tribune, gazeti lililojiita bila aibu gazeti kubwa kuliko yote duniani. Mchana wa Juni 9, 1930, kama saa saba na nusu, alikuwa anaelekea kupanda treni kwenda kwenye mbio za farasi. Alikuwa na sigara kubwa mdomoni na jarida la mbio mkononi. Watu waliokuwa ndani ya gari walimwita wakampa jina la farasi wa kuchezea dau. Akawajibu kwamba huyo tayari anaye. Akashuka kwenye njia ya chini ya barabara, pale Randolph inapokutana na Michigan, kuelekea kituo cha Illinois Central. Njia imejaa watu. Mtu mmoja akamsogelea kwa nyuma, akamlenga kisogoni kwa bastola ya mtutu mfupi, risasi moja. Lingle akaanguka kifudifudi, sigara bado imebanwa kwenye meno. Muuaji akatupa bastola, akatupa na glavu ya hariri ya mkono wa kushoto, akakimbia akapotelea mjini.

Chicago ilikuwa imezoea maiti. Magenge yaliuana na watu wakasoma magazetini kama wanavyosoma matokeo ya mpira. Lakini mwandishi? Tribune walitangaza zawadi ya dola 25,000 papo hapo, magazeti mengine yakaongeza, ikapita 50,000. Wahariri waliandika kwamba hii ni vita kati ya magenge na uandishi wa habari. Maziko yalifanywa kwa heshima kubwa, polisi wakaandamana. Mwenye gazeti, Kanali Robert McCormick, ambaye inasemekana hakuwahi hata kukutana na mfanyakazi wake huyo, akaapa kumtafuta muuaji kwa gharama yoyote.

Hapo ndipo watu walipoanza kupiga hesabu.

Mshahara wa Lingle ulikuwa dola 65 kwa wiki. Kwa mwaka haifiki 3,500. Na huyu si mwandishi tuseme alikuwa na kalamu ya dhahabu; hakuwa akiandika kabisa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka, kusikia, kisha kupiga simu chumba cha habari na wenzake wakaandika. Lakini alikuwa na chumba cha kudumu katika Hoteli ya Stevens, gari la Lincoln na dereva, nyumba ya mapumziko kando ya ziwa huko Indiana. Kiunoni alivaa mkanda wenye bizimu ya almasi, zawadi ya Al Capone mwenyewe. Siku aliyouawa alikuwa na noti 14 za dola mia mfukoni. Akaunti yake moja ya benki ilikuwa imeingiza zaidi ya dola 60,000 katika muda wa kama miaka miwili na nusu. Na alikuwa na akaunti ya hisa, pamoja na nani? Na Kamishna wa Polisi wa Chicago, William Russell, rafiki yake wa miaka mingi. Kamishna aliachia kiti mwezi huohuo.

Wenzake kazini walikuwa wameambiwa kwamba pesa zile ni urithi kutoka kwa baba, dola 50,000. Rekodi za mirathi zilipofunguliwa, marehemu mzee alikuwa ameacha kama dola 500.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba Lingle alikuwa dalali. Anayetaka kufungua nyumba ya kamari na asisumbuliwe na polisi alipitia kwake. Anayetaka askari fulani apandishwe cheo alipitia kwake. Bidhaa aliyouza ilikuwa urafiki wake na Kamishna. Wapo waliosema aliuawa kwa sababu aliomba mgawo mkubwa mno kwa genge la kaskazini mwa mji lilipotaka kufungua tena ukumbi wake wa kamari. Frank Wilson, mpelelezi wa kodi aliyemnasa Capone, alidai miaka ya baadaye kwamba Lingle alikuwa karibu kukutana naye na kusema anayoyajua. Jack Zuta, mtunza hesabu wa genge la kaskazini aliyehojiwa juu ya mauaji hayo, alipigwa risasi Agosti 1 mwaka huohuo akiwa ukumbi wa dansi huko Wisconsin. Masanduku yake ya benki yalipofunguliwa yakakutwa na kumbukumbu za malipo kwa mahakimu, wanasiasa na polisi.

Upelelezi wenyewe ulikuwa na mambo ambayo tamthilia za leo zingeyang'ang'ania. Bastola iliyotupwa ilikuwa imesuguliwa namba zake kwa tupa. Ikapelekwa kwa Calvin Goddard, bingwa wa silaha katika maabara ya Chuo Kikuu cha Northwestern. Namba inapogongwa kwenye chuma, chuma kilichoko chini yake nacho hubanwa. Ukiisugua ya juu, alama ya chini hubaki bila kuonekana. Ukisafisha pale na kupaka tindikali, sehemu iliyobanwa huliwa tofauti na jirani zake, na namba huibuka. Iliibuka. Ikawapeleka kwenye duka la Peter von Frantzius, muuza silaha aliyekwisha tajwa kwenye mauaji ya Siku ya Mtakatifu Valentino ya 1929, na kutoka hapo hadi kwa mnunuzi, Frank Foster. Foster alikamatwa Los Angeles, akashtakiwa, kisha kesi ikafutwa.

Aliyehukumiwa mwishowe ni mwingine kabisa, Leo Brothers wa St. Louis, Aprili 1931. Baadhi ya mashahidi walimtambua, wengine wakaapa siye. Upande wa mashtaka haukueleza kwa nini aliua wala nani alimtuma. Jaji aliposoma kifungo, kilikuwa miaka 14, adhabu ndogo kuliko zote ambazo sheria ya Illinois iliruhusu kwa kosa la mauaji. Brothers aliipokea kwa dharau, akatumikia kama nane, akatoka. Katika msako huo wakili wa Tribune alikuwa mstari wa mbele, na ripota wa Tribune, John Boettiger, aliyefuatilia kesi hatua kwa hatua, akatoa kitabu mwaka huohuo.

Na Eliot Ness? Hakuwepo. Kazi yake ilikuwa kuvunja viwanda vya bia vya Capone. Televisheni ilimpa Lingle kama ilivyompa Ma Barker, mama aliyeuawa na FBI huko Florida mwaka 1935, mbali na Chicago na mbali na Ness. Hilo nalisamehe. Mtunzi wa tamthilia si karani wa mahakama.

Nisichokisamehe ni sauti. Kila sehemu ya The Untouchables inasimuliwa na mtu asiyeonekana, maneno yakitoka mbiombio kama taarifa ya habari. Huyo ni Walter Winchell. Si mwigizaji; ni mwandishi wa safu, pengine maarufu kuliko wote waliopata kutokea Marekani. Urafiki wake na Owney Madden, mfalme wa pombe haramu wa New York, haukuwa siri. Agosti 1939, Lepke Buchalter, mkuu wa wauaji wa kukodi aliyekuwa akisakwa nchi nzima, alipoamua kujisalimisha, alijisalimisha kupitia Winchell, ambaye alimkabidhi mkononi kwa J. Edgar Hoover wa FBI. Simlinganishi na Lingle. Ninasema tu kwamba kisa cha mwandishi aliyekaa kati ya majambazi na polisi kilisimuliwa na mtu aliyekijua kiti hicho joto lake, na hakuulizwa chochote. Alipewa karatasi akasoma.

Tribune wenyewe, kwa haki yao, kabla Juni haijaisha waliandika kwamba marehemu wao hakuwa shujaa. Wakati huohuo Harry Brundidge wa St. Louis Star alikuwa Chicago akiandika kwamba Lingle hakuwa peke yake, kwamba vyumba vya habari vya mji ule vilikuwa na wengine. Magazeti ya Chicago hayakuyafurahia maandishi hayo hata kidogo. Kumlilia mwenzako ni rahisi kuliko kuuliza analipwa na nani.

Sisi tulioko kwenye kazi hii huku kwetu tunaijua bahasha. Tunajua inavyokuja imeandikwa nauli, na tunajua kuna wanaopokea nauli na kuna wanaopokea nauli ya kwenda na kurudi mwezini. Katika kila chumba cha habari nilichopitia kulikuwa na angalau mmoja ambaye gari lake lilikuwa zuri kuliko la mhariri mkuu, na wote tulikuwa na maelezo yaleyale: ana shamba, ana shemeji Dubai, mkewe anafanya biashara. Tuliyakubali kwa sababu yeye ndiye aliyetupa namba za simu za wakubwa.

Kwa hiyo ningekuwa mtunzi ningeianza sehemu ile na bili ya Hoteli ya Stevens. Ningemweka mhasibu wa gazeti mezani, mbele yake karatasi ya mishahara na anwani za wafanyakazi, miaka mitatu kabla ya risasi. Ningeweka wahariri watano wanaopita nyuma ya kiti chake wakiona anachokiona. Bastola ingekuja dakika ya mwisho. Tamthilia hiyo ABC wasingeinunua: mwaka 1961 kampuni ya sigara ya Liggett & Myers iliacha kuidhamini The Untouchables baada ya Wamarekani wenye asili ya Italia kulalamika na makuli wa bandarini kutishia kutogusa sigara zake. Hebu fikiria wangelalamika wenye magazeti.